KUTOKA JEDWALI LA AL-KHWARIZMI HADI DUNIA YA KOMPYUTA: RAMANI NI USHAHIDI



Ndugu msomaji, itazame vizuri kalenda ya Ramadhan iliyobandikwa msikitini au pale jikoni nyumbani. Chini ya nyakati za daku na futari huwa mna orodha ndogo ya miji: mji huu ongeza dakika kadhaa, mji ule punguza. Mtu wa Mombasa akisha kutia tende kinywani, nduguye wa Kisumu bado ana karibu dakika 20 za kungoja, zikizidi au kupungua kidogo kwa majira ya mwaka. Kwa nini? Kwa sababu Kisumu iko magharibi ya Mombasa kwa karibu digrii 5 za longitudo, na dunia huchukua dakika 4 kuzunguka digrii moja. Orodha ile ndogo, ambayo wengi wetu hatuisomi mpaka tuwe safarini, ni elimu ya ramani. Saumu yetu yaitegemea kila jioni.

Siku hizi kijana wa Kisauni au wa Eastleigh hufungua simu yake, akaizungusha dunia kwa kidole, na kwa muda mchache yuko juu ya Makka akiitazama Kaaba kutoka angani. Hiyo ni neema. Lakini muulize elimu hii imetoka wapi. Wengi watakwambia ni ya Wazungu, sisi ni watumiaji tu. Jibu hilo si sahihi kihistoria. Tena lina hatari, kwani anayejiona mtumiaji tu hajiulizi ni nani aliyeichora ramani hii, aliichora kwa sababu gani, na ni nani walioachwa nje yake. Makala haya yanafuata safari ya elimu hiyo kutoka Baghdad ya zamani mpaka Kibera ya juzi, inshallah tupate mazingatio.

KIBLA ILIDAI HESABU

Katika Sura ya al-Baqara, aya ya 144, tumeamrishwa kuelekea Msikiti Mtakatifu mahali popote tutakapokuwa. Uislamu ulipoenea kutoka Andalus hadi mipaka ya India, amri hiyo iliwapa maulamaa kazi kubwa. Aliye Madina anajua Makka iko kusini. Je, aliye Samarkand? Je, aliye Qurtuba? Hawezi kujua kwa yakini mpaka ajue yeye yuko wapi na Makka iko wapi juu ya mgongo wa dunia.

Sisi wa Kenya Allah ametufanyia wepesi. Mombasa iko longitudo ya 39.67 mashariki, na Kaaba iko 39.83. Ni kama mstari mmoja. Kwa hivyo kibla cha Mombasa ni kaskazini, na tofauti yake haifiki hata nusu digrii. Nairobi ni kaskazini ukipinda mashariki kwa karibu digrii 7, na Lamu ni kaskazini ukipinda magharibi kwa digrii 2 na nusu hivi. Wenzetu wa mbali hawakuwa na wepesi huo, ikabidi wapige hesabu.

Mmoja wao alikuwa Abu Rayhan al-Biruni (973–1048), mzaliwa wa Khwarizm huko Asia ya Kati. Mwaka wa 997 yeye akiwa mji wa Kath, na mwanachuoni mwenzake Abul-Wafa al-Buzjani akiwa Baghdad, waliagana waangalie kupatwa kwa mwezi kwa usiku mmoja. Kila mmoja aliandika saa ya tukio lile kwa saa ya mji wake. Mwezi ulipatwa mara moja tu kwa wote, lakini saa zao zilitofautiana kwa karibu saa moja. Tofauti hiyo ya wakati ndiyo tofauti ya longitudo baina ya miji miwili. Fikiria, ndugu yangu: bila simu, bila intaneti, watu wawili wenye mamia ya maili baina yao wanapima dunia kwa kuaminiana tu kwamba kila mmoja ataandika kile alichokiona. Baadaye, mwaka wa 1025, al-Biruni alikamilisha kitabu kizima, Tahdid, juu ya kupima umbali wa miji. Lengo lake kubwa lilikuwa kujua kibla cha mji wa Ghazna, ulioko Afghanistan ya leo.

Nasir al-Din al-Tusi (1201–1274) akaeleza njia nyingine isiyohitaji hesabu yoyote. Mara mbili kwa mwaka jua la adhuhuri husimama sawasawa juu ya Kaaba. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki, ambazo ni sawa na za Makka, hutokea tarehe 27 au 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tena tarehe 15 au 16 Julai saa 6 na dakika 27. Wakati huo popote jua linapoonekana, atakayelielekea ameelekea Makka. Simamisha fimbo wima uani kwenu saa hiyo: kivuli kitalala kusini, na kibla ni upande wa pili wa kivuli. Vijana wa madrasa wanaweza kulijaribu hilo wenyewe, wakaulinganisha na mihrabu wa msikiti wao.

PICHA ILIPOTEA, NAMBA ZIKABAKI

Kabla ya al-Biruni, Khalifa al-Ma'mun (aliyetawala Baghdad 813–833) alituma wapimaji kwenye uwanda wa Sinjar, Iraq. Waligawanyika makundi mawili, moja likaenda kaskazini na jingine kusini, wakipima ardhi kwa kamba mpaka urefu wa jua au nyota angani ubadilike kwa digrii moja. Wakapata karibu maili 56 na theluthi mbili, maili za Waarabu, kwa kila digrii. Zidisha mara 360 upate mzunguko wa dunia.

Katika zama hizo hizo Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu kiitwacho Surat al-Ard, Sura ya Ardhi, kilichomalizika takriban mwaka wa 833. Usidhani ni kitabu cha hadithi za safari. Ni majedwali: jina la mahali, longitudo yake, latitudo yake. Miji, milima, pwani, visiwa na mito, jumla yake sehemu 2402. Al-Khwarizmi hakuanza patupu. Alichukua kazi ya Batlamyus, mwanachuoni wa Kigiriki aliyeishi Iskandaria, akaisahihisha na kuiongeza. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda: kila kizazi hupokea, hukosoa, kisha huongeza.

Kitabu hicho kimetufikia kwa nakala moja tu ya mkono, ambayo imehifadhiwa Strasbourg, Ufaransa. Ramani kubwa ya dunia haimo. Lakini majedwali yamo, na kwa namba hizo watafiti wa karne ya 20 waliweza kuichora upya dunia kama alivyoijua al-Khwarizmi.

Kisa cha Sharif al-Idrisi chafanana na hicho. Yeye alifanya kazi kisiwani Sicily kwa Mfalme Roger wa Pili, ambaye alikuwa Mkristo lakini alithamini elimu ya Waislamu. Walikusanya habari kutoka kwa wasafiri kwa miaka mingi, wakiwahoji na kulinganisha maneno yao. Mwaka wa 1154 kazi ilimalizika: sahani kubwa ya fedha iliyochorwa ramani ya dunia, na kitabu chenye ramani 70 za vipande. Kusini kuliwekwa juu na kaskazini chini, kama ilivyokuwa desturi ya wengi wa wachoraji Waislamu. Humo twaikuta pwani yetu. Al-Idrisi ameitaja Mombasa, na ameitaja Malindi, akasema watu wake ni wavuvi na wawindaji, na kwamba wana chuma wanachokichimba na kukifanyia biashara.

Sahani ya fedha imetoweka, na inasemekana iliporwa kwenye fujo za miaka michache tu baadaye. Nani ataacha fedha nyingi vile? Lakini kitabu kilinakiliwa na kunakiliwa tena, na nakala zake zipo mpaka leo. Mambo mawili haya tuyashike, kwani tutayahitaji mbele: picha ni nzuri lakini hupotea, na maandishi yaliyo mikononi mwa wengi hudumu.

ELIMU ILIYOBEBWA KWA SHAIRI

Baharini karatasi hulowa. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa na njia nyingine ya kuhifadhi habari za mahali, nayo ni shairi. Ahmad bin Majid, mzaliwa wa Julfar, ambayo leo ni Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu, aliandika kitabu chake maarufu cha ubaharia, al-Fawa'id, karibu mwaka wa 1490. Aliandika pia mashairi marefu ya njia za bahari, likiwemo moja la njia ya pwani hii yetu hadi Sofala, Msumbiji. Beti zilitaja nyota gani ionekane kwa urefu wa vidole vingapi juu ya upeo wa bahari ukifika bandari fulani. Nahodha alipima kwa kamal, kijibao kilichofungwa kamba yenye mafundo, ncha ya kamba akiing'ata kwa meno. Aliyehifadhi shairi alikuwa na ramani kifuani mwake.

Wengi wetu tulisomeshwa ati Ibn Majid ndiye aliyempeleka Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka wa 1498. Wanahistoria wengi wa siku hizi hawalikubali hilo, kwani ushahidi wake ni dhaifu. Lililo wazi ni kwamba rubani kutoka Malindi alikuwepo na njia aliijua. Elimu ilikuwa hapa, na iliyofuata baada ya hapo twaijua: mizinga, na kodi za Wareno. Mwenye kuijua njia hakuwa ndiye mwenye kufaidika nayo.

TUNDU LA UFUNGUO

Sasa turuke karne tano. Mwaka wa 2001 huko Marekani ilianzishwa kampuni ndogo iitwayo Keyhole, maana yake tundu la ufunguo. Jina hilo liliwakumbusha wajuzi setilaiti za kijasusi za Marekani, ambazo ziliitwa kwa herufi KH. Kampuni hiyo ilitengeneza programu ya kuionyesha dunia nzima kama mpira kwenye kompyuta. Picha za setilaiti na za ndege zilikatwa vipande vipande kama vigae, kwa ukubwa mbalimbali, na kompyuta ikawa inaleta kupitia intaneti vile vigae unavyovitazama tu. Ndiyo maana dunia nzima yaweza kufunguka kwenye kompyuta ya kawaida.

Mwaka wa 2003 kampuni hiyo ilipata fedha kutoka In-Q-Tel, mfuko wa uwekezaji unaohusiana na shirika la ujasusi la CIA. Mwaka huo huo Marekani iliivamia Iraq, na vituo vya televisheni vikaitumia programu ya Keyhole kuwaonyesha watazamaji miji inayopigwa mabomu. Mtazamaji aliketi nyumbani kwake, akashuka kutoka angani mpaka juu ya paa za Baghdad.

Baghdad, ndugu zangu. Mji ule ule ambamo al-Khwarizmi aliketi miaka 1170 kabla yake, akipanga jedwali la dunia. Elimu iliyokusanywa pale ili watu wajue mahali pao, ilirudi pale ikiwa jicho la kulenga. Si elimu iliyobadilika. Aliyebadilika ni mwenye kuishika.

Oktoba 2004 kampuni ya Google iliinunua Keyhole, na Juni 2005 ikaitoa programu ile bure kwa jina la Google Earth. Hapo ndipo vijana wa saiba za Nairobi na Mombasa walipoanza kuzitafuta paa za nyumba zao. Wengi walidhani wanaona mambo yanayotokea saa ile ile. La. Picha zile zaweza kuwa za miezi au miaka iliyopita, na ni mshono wa siku mbalimbali.

Dunia hiyo ya kompyuta imewafaa Waislamu kwa jambo moja kubwa. Ndugu zetu wa Amerika Kaskazini walijadiliana sana juu ya kibla. Ukitazama ramani ya ukutani, Makka yaonekana kusini-mashariki ya New York. Lakini ramani ya ukutani ni mpira uliolazimishwa kuwa karatasi. Uvute uzi juu ya tufe kutoka New York mpaka Makka, na utauona unaanza kwa kuelekea kaskazini-mashariki, karibu digrii 58 kutoka kaskazini. Hiyo ndiyo njia fupi, na ndiyo hesabu ya akina al-Biruni. Jambo waliloliona kwa akili, kijana wa leo aliona kwa macho.

NDANI YA FAILI

Keyhole waliacha na kitu kingine, kisichoonekana na wengi. Ni muundo wa faili uitwao KML, na ile K ya mwanzo ni ya Keyhole mpaka leo. Aprili 2008 muundo huo ulipitishwa kuwa kanuni ya kimataifa, programu yoyote ikawa yaruhusiwa kuusoma na kuuandika. Ukilifungua faili la KML kwa programu ya kawaida ya kuandikia, hutaona picha. Utaona maandishi: jina la mahali, maelezo mafupi, kisha namba. Longitudo, latitudo, na kimo. Al-Khwarizmi angelitambua mara moja. Ni jedwali lake.

Miundo mingine pia ipo. Kuna shapefile, iliyotokana na kampuni ya Esri mapema miaka ya 1990, na yatumika sana katika ofisi za serikali na mashirika. Kuna GeoJSON ya mwaka wa 2008, iliyopata kanuni yake rasmi 2016. Yote hubeba kitu kimoja: jina na mahali pake.

Na hapa uaminifu wahitajika, kwa sababu kompyuta haijui aibu. Mombasa iko latitudo 4.05 kusini, longitudo 39.67 mashariki. Katika faili, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa: -4.05. Sahau kialama hicho kidogo, na Mombasa yahamia Ethiopia, kaskazini-mashariki ya Moyale. Geuza mpangilio, uweke latitudo mahali pa longitudo, na Mombasa yaruka mpaka Hispania, kilomita 20 hivi kusini ya Toledo. Toledo hiyo ndiyo Tulaytula ya Waislamu wa Andalus, alikofanya kazi mnajimu al-Zarqali katika karne ya 11. Ni ziara njema, lakini hatukukusudia kwenda huko! Kosa la tatu ni la dakika. Digrii 4 na dakika 3 si 4.03, bali ni 4.05, kwani digrii moja ina dakika 60. Ukikosea hapo umekosa kwa zaidi ya kilomita 2, na gari la wagonjwa litafika mtaa wa watu wengine. Tena ramani nyingi za zamani za Kenya zilipimwa kwa msingi uitwao Arc 1960, na GPS hutumia WGS 84. Bila kubadilisha, mahali pale pale hutofautiana kwa mamia ya mita.

Na GPS yenyewe hupima mahali kwa nini? Kwa wakati, kama alivyofanya al-Biruni na mwenzake. Setilaiti zilizo juu kilomita 20,200 hutuma saa zao, na kifaa chako huhesabu ujumbe umechelewa kiasi gani kutoka kwa setilaiti zisizopungua nne. Ni mali ya jeshi la Marekani. Mpaka Mei 2000 jeshi hilo lilikuwa likiivuruga makusudi ishara ya raia, hata mtu akapotezwa kwa mita 100.

USHAHIDI NA KIBERA

Kenya hatukukaa kutazama. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ilipowaka moto, vijana Wakenya na wenzao walitengeneza katika siku chache za Januari 2008 ramani ya intaneti ambayo mwananchi aliweza kuitumia habari kwa simu au barua pepe: hapa pamechomwa, hapa watu wamekimbilia. Waliiita Ushahidi. Mwaka wa 2010 programu hiyo hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi, na baadaye katika nchi nyingi. Neno la Kiswahili likaenda dunia nzima. Sisi Waislamu twajua limetoka wapi: shahidi, ushahidi, shahada. Ni mzizi mmoja.

Kisa cha pili ni cha Kibera. Mtaa huo ulianzishwa na Wanubi, wengi wao Waislamu, ambao mababu zao waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari wa jeshi la Waingereza. Walikaa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20, wakazika wafu wao hapo, wakajenga misikiti, na jina Kibera ni la lugha yao, maana yake msitu. Lakini kwa miaka mingi hawakuwa na hati ya ardhi. Na ramani za intaneti zilipokuja, palipokuwa na maelfu kwa maelfu ya watu paliachwa peupe tu, kana kwamba hapaishi kiumbe.

Mwaka wa 2009 kikundi kidogo cha vijana wa Kibera wenyewe walifunzwa kutumia GPS katika mradi wa Map Kibera. Walitembea vichochoro kwa miguu, wakaandika kila njia, kila bomba la maji, choo, zahanati, shule, kanisa na msikiti. Data yao waliiweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2004, ambayo yeyote aweza kuiongeza, kuinakili na kuitumia bila malipo. Wanubi nao, baada ya kesi na madai ya miaka mingi, walikabidhiwa mwaka wa 2017 hati ya pamoja ya ekari 288. Hatusemi ramani ndiyo iliyowapa hati. Twasema haki yoyote, ya ardhi, ya maji au ya barabara, huanza kwa kuthibitisha kwamba watu wapo.

Kumbuka tena sahani ya fedha na kitabu. Google nao walikuwa na mpango ambao watu wa kawaida walichora mitaa yao, na ukafungwa mwaka wa 2017. Jasho lilikuwa la watu, lakini ramani ilikuwa mali ya kampuni. Ile ya OpenStreetMap imo katika nakala nyingi duniani. Kampuni ikifungwa au mwenye mali akibadilisha nia, nakala zitabaki.

MACHO YANAYOTUTAZAMA

Kuwa kwenye ramani pia kuna mitihani yake. Sheria ya Marekani iliyopitishwa mwaka wa 1996 ilizuia kampuni zake kuuza picha za setilaiti za Israel na ardhi za Palestina zilizo wazi zaidi ya zile zinazopatikana kwingineko. Kwa zaidi ya miaka 20, mtu aliweza kuhesabu magari katika miji mingine, lakini Gaza ilionekana kama yatazamwa nyuma ya ukungu. Watafiti walionyesha kwamba kampuni za Ulaya zilikuwa tayari zikiuza picha zilizo wazi, na hatimaye mwaka wa 2020 kipimo kililegezwa kutoka mita 2 hadi sentimita 40. Nyumba ngapi zilibomolewa katika miaka hiyo, na picha ya kutoa ushahidi ikawa ukungu?

Upande wa pili, Novemba 2020 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kwamba programu moja maarufu ya nyakati za swala na kibla ilikuwa ikituma habari za mahali pa watumiaji wake kwa kampuni ambayo wateja wake walikuwemo makandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walitangaza kukatiza uhusiano huo. Lakini lizingatie: Mwislamu amefungua simu ajue Makka iko wapi, kumbe simu yasema yeye yuko wapi. Kwa hapa kwetu, ambapo kijana wa Kiislamu aweza kushukiwa kwa sababu ya mtaa anaotoka tu, hilo si jambo la mbali.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuandike. Mitaa yetu ya kale ina majina yanayojulikana na wazee peke yao: visima, makaburi, misikiti iliyobomoka, mikoko iliyokuwa na wenyewe. Kule Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa miaka ya 1980 walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8. Hiyo ilibahatika kuchimbuliwa. Mingine inakwenda na bahari au inajengewa maghorofa juu yake. Kikundi cha vijana kumi, simu mbili zenye GPS na mzee mmoja mwenye kumbukumbu wanatosha kuanza. Siku za Ramadhan baada ya alasiri wengi wetu twalala tu, na kazi hii haihitaji chakula wala maji.

Pili, tuhakikishe. Tumeamrishwa kuichunguza habari kabla ya kuifuata. Nukta moja ya ramani ni habari. Ipimwe mara mbili, na mtu wa pili aikague, kama walivyolinganisha saa zao wale wawili usiku wa kupatwa mwezi.

Tatu, tuhifadhi kwa njia inayoweza kunakiliwa. Majina na namba katika faili la wazi, nakala msikitini, nakala maktaba, nakala kwenye ramani ya umma. Picha ya skrini peke yake ni kama ile sahani ya fedha.

Nne, tulinde watu. Msikiti, kisima na zahanati ni vya umma. Nyumba ya mjane, mahali wanapolala mayatima, au nyumba ya mtu anayetafutwa na adui zake, hivyo ni siri za watu. Zima ruhusa ya mahali kwa programu zisizoihitaji. Kibla cha Mombasa ni kaskazini. Hakihitaji kampuni ijue umelala wapi jana.

Ushahidi ni amana, na Qur'ani imetuonya dhidi ya kuuficha. Mababu zetu walipoulizwa "mko wapi?" walijibu kwa majedwali, kwa mashairi na kwa vitabu, hata watu wa mbali wakajifunza kwao. Tukiulizwa sisi, tusijibu kwa kuonyesha ramani iliyochorwa na mwingine, mtaa wetu umeachwa mweupe.

Twamuomba Allah (S.W.T.) azitakabali saumu zetu na swala zetu, awape vijana wetu elimu yenye manufaa, na awahifadhi ndugu zetu wote wanaodhulumiwa popote walipo. Amin. Wallahu a'lam.

Ramadhan Karim.